Msimpe sanamaki aliyetoka kwenye kemo

Mhariri,

Katika nyumba nyingi hapa Mombasa, mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti akirudi kutoka kudungwa kemo (dawa kali za kuua chembe za saratani), jamaa humchemshia sanamaki au humpa shubiri ili "sumu ya dawa itoke." Sisi tunaowahudumia wagonjwa hawa tunaomba jambo hilo likome. Dawa nyingi za kemo huvunjwa na ini, kisha hutoka kwa nyongo na mkojo, hazihitaji kusukumwa. Hata ule mkojo mwekundu baada ya doxorubicin, mojawapo ya dawa za kemo, ni rangi ya dawa yenyewe, na hupotea kwa siku moja au mbili.

Kinachoumia ni utando wa ndani wa utumbo. Chembe zake hujizalisha upya kila siku tatu hadi tano, na kemo hushambulia chochote kinachogawanyika haraka. Wakati utando umechubuka, chembe nyeupe za damu nazo hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Ukimharisha mgonjwa hapo, anapoteza maji na chumvi, na bakteria wa tumboni wanaweza kupenya hadi kwenye damu.

Wapo wanaofunga choo badala ya kuendesha. Mara nyingi chanzo ni ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika, au za maumivu kama tramadol na morphine. Daktari anaweza kuwaandikia vidonge vya sanamaki, na hilo ni sawa: kidonge kina kipimo, sufuria ya majani haina. Kabla ya hapo, maji ya kutosha, papai, mchicha na mbaazi husaidia. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11 za nyuzinyuzi, lakini aanze na nusu kikombe, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Akiendesha, mambo yanageuka. Mbaazi, pilipili, ukwaju, mahamri na viazi karai viwekwe kando. Apewe wali mweupe uliolainika, ndizi mbivu, changu wa kuchemsha, au bokoboko lisilomiminiwa samli. Chai ya maziwa humsumbua kwa sababu utumbo uliochubuka hushindwa kusaga sukari ya maziwa. Mtindi huvumilika zaidi, ila uwe wa pakiti. Maziwa lala yasiyochemshwa yasubiri matibabu yaishe.

Maji yanayopotea yarudishwe kwa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ya duka la dawa. Ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo msikadirie kwa mkono. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayawezi kusimama badala ya ORS. Tena yafunguliwe nyumbani, kwa kisu kilichooshwa.

Homa ya nyuzi 38, damu kwenye choo, au kwenda haja mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, aende hospitali hata kama ni usiku. Asimeze loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, akiwa na homa au damu kabla ya kuonwa.

Kosa jingine, nalo linaenea kwa kasi kwenye simu, ni kumnyima chakula eti sukari hulisha saratani. Soda na kashata zipungue, lakini wali, muhogo na matunda abaki navyo. Mwenye kilo 60 anahitaji protini kama gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina 6, gramu 100 za samaki zina takriban 20. Uji mtupu hauwezi kumfikisha huko. Balungi nalo aliepuke anayetumia ribociclib au palbociclib, dawa za kumeza za saratani ya matiti, kwa kuwa huongeza dawa mwilini kupita kiasi.

Wanaomeza capecitabine, kemo ya vidonge, huinywa mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita katikati, ndani ya nusu saa baada ya kula. Futari na daku zinaweza kukaribia ratiba hiyo, lakini anayeendesha hana namna ya kukaa mchana kutwa bila maji, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Aongee na daktari wake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Wauguzi na washauri wa lishe,
Mombasa