Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania: Historia inahitaji kadi na uzi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari wilayani Kilwa. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa walimu wengi, na taasisi yako ndiyo inayotuandalia mihtasari, vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu.

Mwanafunzi wa kawaida atakutajia sababu za Vita vya Majimaji, vita vya wenyeji wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani (1905–1907), bila kukwama: kodi, kazi za shuruti, pamba, ukatili wa maakida, yaani maofisa wenyeji waliotumwa na Wajerumani. Muulize kodi ilihusiana vipi na pamba, ananyamaza. Kila sababu alipewa peke yake, akaiandika peke yake, na mtihani utamdai aitaje peke yake. Siwezi kumlaumu mtoto kwa hilo.

Naomba nikueleze tunachofanya darasani. Tunakata maboksi matupu kuwa kadi, na kila kadi inaandikwa jambo moja. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vinavyotegemea pamba ya Marekani. Kodi ya nyumba, 1898. Mashamba ya pamba chini ya majumbe (wakuu wa vijiji), 1902. Maakida. Gavana von Götzen. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, na maji yake, dawa iliyoaminika kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi. Nandete, Julai 1905, pamba inang'olewa. Kinjikitile ananyongwa, Agosti 1905. Wangoni wanaingia vitani. Maghala na mashamba yanachomwa moto. Njaa. Kila mwanafunzi katika kundi anashika kadi yake, na kundi linapewa uzi mmoja mrefu. Sharti ni moja tu: hupitishi uzi kwa mwenzako mpaka utoe sentensi yenye "kwa sababu" au "kwa hiyo", na kundi liikubali.

Hapo darasa linachangamka. Aliyeshika kadi ya Ujerumani, ambaye alidhani yuko mbali na wenzake wote, anagundua kwamba uzi wake unafika moja kwa moja hadi Umatumbi, vita vilikoanzia, kwa sababu wenye viwanda walitaka pamba ya koloni lao wenyewe. Aliyeshika maji ana kazi ngumu zaidi: aeleze yaliwaunganishaje Wamatumbi, Wangindo na Wangoni, watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Na njaa huleta ubishi kila mara. Wengine huiweka mwisho, kama matokeo. Wengine wanakataa: Wajerumani walichoma vyakula makusudi, kwa hiyo njaa ilikuwa silaha, iwekwe katikati ya vita. Ubishi huo una thamani kubwa kuliko orodha yoyote niliyowahi kuiandika ubaoni.

Kisha namwambia mwenye kadi ya pamba aachie uzi. Tunatazama nyuzi zipi zimelegea. Je, vita vingetokea? Kodi ipo, maakida wapo. Mwanafunzi anayejibu swali hilo kwa hoja ameielewa Majimaji, hata kama atasahau jina la gavana.

Siku hizi kuna kadi nyingine: Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, Songea, Novemba 2023, anaomba msamaha. Wanafunzi wenyewe hutafuta pa kuifungia uzi, na wengi huupeleka kwenye njaa.

Zoezi jingine halihitaji hata maboksi. Uwanjani, hatua moja ni miaka 10. Tunaanzia 1331, Ibn Battuta alipofika Kilwa. Baada ya hatua 17 na kidogo, Wareno wanaivamia Kilwa, 1505. Tangu 1885 hadi Desemba 1961, ukoloni wote, wa Mjerumani na wa Mwingereza, haufiki hatua 8. Mtoto aliyedhani historia yetu ilianza na mkoloni anageuka, anatazama umbali aliotoka.

Hata kuwatuma wanafunzi kwa wazee si jambo geni nchini kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya simulizi za Majimaji, wakati walioishuhudia vita walikuwa bado hai. Mengi tunayoyajua leo kuhusu vita hivyo yalitoka vinywani mwa wazee wale.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza 2024, linafundishwa kwa Kiswahili. Hii ni nafasi adhimu, maana mtoto hawezi kubishana kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Isipotee kwa kutafsiri zile zile orodha za zamani.

Ninaomba viongozi vya mwalimu viwekewe seti za kadi zilizo tayari, pamoja na vifungu vifupi vya simulizi na nyaraka za wakati husika, ili mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache asianzie sifuri. Muhtasari nao utamke wazi kwamba mazoezi haya ni sehemu ya ufundishaji na uyatengee vipindi viwili mfululizo. Mwalimu anaogopa, Ndugu Mkurugenzi. Mthibiti ubora akikuta watoto wamesimama wanabishana huku wameshika nyuzi, mwalimu anataka kuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Zaidi ya yote, kaeni na Baraza la Mitihani. Liwepo walau swali moja linalompa mtahiniwa matukio manne na kumtaka ayaunganishe na kuutetea uunganishaji wake. Swali hilo lisipokuwepo, kadi zitarudi kabatini ifikapo Kidato cha Nne, kwa sababu wazazi na wakuu wa shule wanatazama ufaulu.

Seti za kadi za Majimaji, za biashara ya Kilwa na za Reli ya Kati ninazo. Mkiitisha warsha ya kuandaa viongozi vya mwalimu, nitakuja nazo na uzi wake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia,
Kilwa, Lindi