Shangazi, mwache yule mbwa pale pale

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimeelewa kwa nini uliirudisha picha ya Msamaria Mwema niliyokuletea kwa ajili ya watoto wa katekesi. Mbwa anajisaidia mbele kabisa, nawe ukaona ni kuidharau Injili. Niruhusu nimtetee, tena hadharani, maana wenye mawazo kama yako ni wengi.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliichora mwaka 1633. Itazame tena. Majeruhi anashushwa kwenye farasi, kijana ameshika hatamu, mwanamke anateka maji kisimani, na juu ya ngazi Msamaria anazungumza na mwenye nyumba ya wageni. Hakuna aliyeacha shughuli yake. Huruma inatendeka uani, kwenye vumbi na kinyesi, na Luka mwenyewe aliisimulia hivyo hivyo: njiani, kwa mafuta, divai na dinari mbili. Mwondoe mbwa, ua utageuka altare.

Kisha tafuta picha yake ya Adamu na Hawa ya mwaka 1638. Ni karatasi ya sentimita 16 hivi kwa urefu. Mistari yake aliikwaruza kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, asidi ikaila shaba palipokwaruzwa, kisha bamba likatiwa wino na kupigwa chapa kwenye karatasi. Nyoka ana miguu na kucha, maana kwenye Mwanzo adhabu ya kwenda kwa tumbo ilikuja baada ya kosa. Huyu mtu alisoma Maandiko kwa makini, Shangazi. Na kule nyuma, chini, juani, kuna tembo mdogo sana. Mwaka mmoja kabla, Rembrandt alikuwa amemchora kwa chaki nyeusi tembo jike aliyeitwa Hansken, aliyeletwa Uholanzi kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Alizungushwa Ulaya akifanyishwa michezo mpaka akafia Florence mwaka 1655. Inaniuma, na wakati huo huo inanifariji, kumwona tembo akitembea Edeni bila mnyororo.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Tobiti, yule wa Kitabu cha Tobiti katika Biblia, ya mwaka 1651. Mzee kipofu ameinuka mbio kumpokea mwanawe Tobia anayerudi safarini, mkono unapapasa ukuta badala ya mlango, mbwa amemwingia miguuni. Tobia haonekani popote. Ila mbwa ndiye aliyesafiri naye, na sasa yumo ndani.

Nitakutumia nakala yake kwa basi. Kabla hujawasomea watoto sura ya 11 ya kitabu hicho, waulize Tobia amefika wapi.