Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nipimeni, kisha mniambie kama naweza kurudi kazini

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: NJIA YA KURUDI KAZINI KWA WATAALAMU WA AFYA WALIOACHA DAWA ZA KULEVYA

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kutoka Mbagala, Dar es Salaam, ambako nina genge la nyanya, vitunguu na mkaa wa mafungu. Kabla ya genge nilikuwa mtaalamu wa usingizi, yaani anayewalaza wagonjwa kwa dawa ili wapasuliwe, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Miwili ya mwisho niliifanya nikiwa mraibu wa pethidini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Nianze na kosa lenyewe, ili ujue unaombwa na mtu wa aina gani. Kabati la DDA, yaani la dawa kali zinazodhibitiwa kisheria, lina kitabu chake. Kila ampuli inayotoka huandikwa jina la mgonjwa, kipimo, saa, na sahihi mbili. Mgonjwa akiandikiwa miligramu 50 na ampuli ina 100, inayobaki humwagwa mbele ya shahidi, naye anasaini. Lakini usiku, zamu ina watu wawili na kina mama watatu wanasubiri upasuaji, shahidi husaini bila kutazama. Nilianza na hayo mabaki. Mgongo ulikuwa unaniuma, nimesimama tangu asubuhi, nikajidunga chooni huku nikijiambia ni dawa ya mgongo. Baada ya miezi michache mabaki hayakunitosha tena.

Kuna usiku mmoja ambao hauniachi. Mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji alikuwa ameandikiwa sindano ya maumivu, na kitabuni nilisaini kwamba amepewa. Hakupewa. Nilimkuta wodini ameng'ata pindo la khanga, jasho linamtiririka, mtoto analia pembeni yake. Akaniambia, "Dokta, nisamehe, nimeshindwa kuvumilia." Aliniomba msamaha mimi, na dawa yake ilikuwa mwilini mwangu.

Nilipogundulika nilifukuzwa kazi, na baraza la taaluma yangu likanifutia usajili. Walitenda haki. Kama wangenichelewesha wiki moja zaidi, pengine mtu angekufia mikononi mwangu mezani. Sina kinyongo na siku ile, na barua hii haihusu siku ile.

Inahusu miaka iliyofuata. Nilipokosa ampuli niliingia kwenye unga, yaani heroini, kwa sababu arosto haikupi nafasi ya kufikiri: mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi hauji. Dada yangu wa tumbo moja ndiye aliyenishika mkono hadi kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya unga. Nchi yetu ilifungua ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, baadaye na mikoani. Unapanga foleni, unafika dirishani, unakunywa dawa mbele ya mhudumu, unashushia maji, kisha unasema neno lolote ili aone umemeza. Kila siku, Idi na Krismasi. Nilikwenda miaka miwili na miezi minne, dozi ikapunguzwa polepole mpaka ikaisha. Huu ni mwaka wa nne tangu nimalize, na sijagusa kitu.

Nilipoomba kurudishiwa usajili, nilijibiwa nilete uthibitisho kwamba nimepona. Nikauliza unatolewa na nani. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Kliniki inaweza kuandika kwamba nilihudhuria na nikamaliza. Haiwezi kuandika kwamba sitarudia, na hakuna daktari mkweli atakayeandika hivyo, maana uraibu ni ugonjwa unaoweza kurudi hata baada ya miaka. Kwa hiyo naambiwa nilete karatasi isiyoweza kuandikwa.

Mheshimiwa, wenzetu walishapita hapa. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa waraka kuhusu daktari mgonjwa, akiwemo mraibu, mwaka 1973, na tangu hapo majimbo mengi yameanzisha programu za kuwasimamia. Daktari anatibiwa kwanza, kisha anatia saini mkataba, kwa kawaida wa miaka mitano. Anaitwa kutoa mkojo siku asizozijua. Kazini kuna mtu anayemtazama na kuandika ripoti. Akikaidi au akirudia, taarifa inaweza kufika kwa bodi inayotoa leseni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ ulifuatilia madaktari 904 katika programu 16 za namna hiyo. Kati ya wale ambao habari zao zilipatikana mpaka mwisho, karibu wanne katika kila watano walikuwa na leseni na wako kazini baada ya miaka mitano. Na kati ya waliomaliza matibabu wakarudi kazini chini ya uangalizi, kama mmoja katika kila watano mkojo wake ulionyesha ametumia tena. Huyo mmoja simfichi. Alijulikana kwa sababu alikuwa anapimwa. Mimi nilijidunga miaka miwili na hakuna aliyenipima hata mara moja.

Tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake hupima dawa za kulevya kila leo kwa ajili ya mahakama. Tuna kliniki zenye watu wanaoujua uraibu kuliko mtu yeyote. Tuna mabaraza ya taaluma. Kinachokosekana ni mwongozo mmoja wa Wizara unaoviunganisha, useme mtu aliyefutiwa usajili kwa uraibu aanzie wapi, apimwe na nani, kwa muda gani, na akianguka nini kinafuata. Gharama za vipimo nitalipa mwenyewe. Genge haliingizi kingi, lakini hiyo nitaitafuta.

Wala siombi kurudi chumba cha upasuaji. Kwa mtu mwenye historia yangu, kukaa na funguo za kabati la DDA ni kujitega, na akirudia, dalili ya kwanza inaweza kuwa maiti yake chooni. Nipewe leseni yenye masharti. Nipangiwe kupima presha za wazee au kliniki ya watoto, mahali pasipo na ampuli hata moja.

Mwezi uliopita jirani yangu alianza kutokwa na damu nyingi siku ya pili baada ya kujifungua. Wakakimbilia gengeni wakiita "Dokta!", maana mtaani jina halikufutwa. Nilipanda naye bajaji, mkono wangu ukisugua tumbo la uzazi mpaka kituo cha afya, nikamkabidhi kwa mkunga. Nikabaki nje ya mlango. Kutoka pale nilisikia wanaomba mtu mwingine wa kusaidia, na hakukuwa na mtu mwingine. Amepona, namshukuru Mungu na mkunga yule.

La mwisho ni kuhusu walio kazini usiku huu. Mimi nilijua wenzangu wawili waliokuwa kama mimi, na sote tulinyamaza, kwa sababu kusema kulikuwa na mwisho mmoja tu. Mtu akijua kwamba akijisalimisha atasimamishwa, atatibiwa, na baada ya muda atapimwa arudi, wapo watakaojitokeza kabla ya kumkuta mama ameng'ata khanga.

Mheshimiwa Waziri, genge langu liko karibu na Rangi Tatu. Nikiitwa kupimwa kesho, nitafunga asubuhi na kuja Dodoma kwa nauli yangu.

Aliyekuwa mtaalamu wa usingizi,
Mbagala, Dar es Salaam