Barua ya wazi kwa Waziri: Msikiti Mkuu wa Kilwa unataka mafundi wa chokaa

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,

YAH: OMBI LA KUFUNDISHA VIJANA WA KILWA KISIWANI UFUNDI WA CHOKAA

Kwa heshima na taadhima, ombi langu ni moja tu. Kila zinapotengwa fedha za kukarabati Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, sehemu yake iwafundishe vijana wa kisiwani kuchoma chokaa na kujenga nayo.

Msikiti ule umeshaanguka na kuinuliwa. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12, na paa lake la bapa lilibebwa na nguzo 9. Karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule wa kasri la Husuni Kubwa, aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, akaongeza ukumbi mkubwa upande wa kusini. Nguzo za ukumbi huo zilichongwa kila moja kwa pande moja la tumbawe. Kazi ya fahari, lakini ukumbi ukaporomoka. Watu wa Kilwa wakaujenga upya karne ya 15, safari hii kwa nguzo za pembe 8 zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na juu yake makuba yakipokezana na dari za tao. Ndiyo hayo wageni wanayopiga picha leo.

Inua macho ukiwa chini ya kuba mojawapo. Utaona vipande vya matumbawe vimeshikana kwa chokaa, hakuna nondo, na vimekaa juu zaidi ya miaka 500. (Kuna majengo ya juzi mjini yameshaanza nyufa.)

Chokaa hiyo haitaki haraka. Magogo hupangwa, mawe ya matumbawe hurundikwa juu yake, moto huwashwa. Kisha chokaa hunyweshwa maji na kuachwa itulie muda mrefu kabla mwiko haujaigusa. Mkandarasi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi atatamani saruji. Asiruhusiwe. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui, hivyo unyevu wa chumvi hubaki ndani ya ukuta na kulila jiwe.

Najua kukata matumbawe hai baharini ni marufuku, na iwe hivyo. Mawe yaliyoanguka yapo palepale magofuni, na ya kuchoma yanapatikana nchi kavu.

Mwaka 1981 UNESCO iliiandika Kilwa Kisiwani pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 tukaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na 2014 tukatolewa. Tulipongezana, na tulistahili. Lakini bahari haikusikia tangazo lile. Chumvi na mizizi vinaendelea na kazi yake kila msimu.

Mafundi wa chokaa bado wapo pwani, Unguja na hata Lamu. Waitwe. Wakae Kisiwani wakiwa na vijana wachache wanaolipwa posho ya kutosha, wachome tanuu la kwanza wakati wa kiangazi, na waanze na ukuta mdogo kabla ya kugusa kuba. Vijana hao wakishaiva, ukarabati usitolewe kwa zabuni isiyowataja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Kilwa Masoko