Mwanangu, anza na Rebecca

Mwanangu mpenzi,

Huku Lexington hatujambo. Baba yako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utarudi lini.

Umeniambia kuwa chuoni mmepewa kazi ya kuandika habari za Daniel Boone, askari na mlowezi wa mwanzo wa Kentucky hii yetu, nawe unataka kuanza na bunduki yake. Nakuomba uanze na mkewe, Rebecca, na jamaa yake. Mimi niliyewabeba ninyi nikikimbia vita najua kuhama ni kitu gani, na mzigo wake humwelemea nani.

Ukoo wenyewe ni wa wahamaji. Baba yake, Squire Boone, alitoka Devon, Uingereza, akaoa na kulowea Pennsylvania. Kanisa lake la Quaker lilipomtenga kwa sababu ya watoto waliofunga ndoa na watu wa nje, akaihamisha jamaa hadi bonde la Yadkin, North Carolina. Daniel aliendesha gari la farasi katika jeshi la Jenerali Braddock wa Uingereza lililoshindwa vibaya mwaka 1755. Mwaka uliofuata alimwoa Rebecca Bryan.

Rebecca alizaa watoto 10. Mumewe alipokwenda kuwinda Kentucky mwaka 1769, alirudi 1771. Fikiria, mwanangu: kulima, kulisha watoto, kulinda boma, yote juu ya mwanamke mmoja.

Oktoba 1773 walifungasha kuhamia Kentucky. Karibu na Cumberland Gap, pito la milimani, mtoto wao wa kwanza, James, mwenye miaka 16, alishambuliwa na wenyeji akiwa na wenzake, akateswa hadi kufa. Aliyejificha na kuyaona yote ni mtumwa aitwaye Adam. Bila yeye tusingejua kijana yule alikufaje. Usiache jina lake. Wala usifiche kwamba Boone naye alimiliki watumwa.

Andika pia habari za Washawnee, kabila mojawapo la wenyeji. Kentucky ilikuwa mahali pao pa kuwindia. Machi 1775 wazee wa Cherokee, kabila jingine la wenyeji, waliiuzia kampuni ya Richard Henderson sehemu kubwa ya nchi hii, ingawa Dragging Canoe, Mcherokee mwenzao, alipinga waziwazi. Washawnee hawakuwemo katika mapatano hayo. Basi watu wanapolinda nchi yao, usiwaite washenzi hata kama kitabu kimewaita hivyo.

Mwaka huohuo Boone alifungua njia na kujenga ngome ya Boonesborough, hapa jirani. Julai 1776 binti yake Jemima alitekwa pamoja na wasichana wawili, akaokolewa siku chache baadaye. Februari 1778 Boone mwenyewe akakamatwa, na chifu Blackfish wa Washawnee akamfanya mwanawe. Aliposikia Boonesborough itashambuliwa, alitoroka, akakata maili 160 kwa siku nne au tano. Alipofika, Rebecca hakuwepo. Alidhani amekwisha kuwa mjane, akarudi na watoto kwa jamaa zake North Carolina. Ni Jemima aliyebaki kumngoja baba yake. Baadaye wenzake Boone walimshtaki kwa usaliti, mahakama ya kijeshi ikamwachia.

Kisha yakaja mapigano ya Blue Licks, Agosti 1782. Mtoto mwingine, Israel, aliuawa baba yake akiwa palepale vitani. Mimi mama nimesoma habari hiyo nikaweka kitabu chini.

Na ile ardhi iliyogharimu damu ya wanawe haikubaki mkononi mwake. Hati zilikuwa na kasoro, kesi zikafuatana, akaipoteza karibu yote. Mwaka 1799 wakahama tena, wakaenda Missouri iliyokuwa chini ya Hispania. Rebecca alifia huko mwaka 1813, Daniel akamfuata 1820.

Mabaki yanayosemekana kuwa yao yalihamishiwa Frankfort mwaka 1845. Ukija likizo tutakwenda kulitazama kaburi hilo, na nitapenda unisomee ulichoandika. Kula vizuri, usikeshe sana.

Ni mimi mama yako