Kwa makungwi wenzangu wa Mikindani: mwali asiyetulia si jeuri

Makungwi wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo hamjambo?

Likizo ya Desemba inakaribia na kina mama wameanza kutuletea majina ya wanawali. Juzi mmoja alinipigia simu: "Bibi, huyu wangu mumfunde kwelikweli, maana hasikii." Neno hilo limeninyima usingizi. Ndilo nililoitwa mimi utotoni.

Sikuwa mtukutu. Darasani nilikaa kimya, macho dirishani. Mama akinituma dukani chumvi, kibiriti na mafuta ya taa, nilirudi na kibiriti peke yake, mkononi mabibo mawili, chupa ya mafuta nimeisahau chini ya mkorosho. Nikachapwa. Kesho yake nilikwenda njia nzima nikirudia chumvi-kibiriti-mafuta, chumvi-kibiriti-mafuta, mpaka nikaona kinyonga juu ya ua, na maneno yakapotea. Nikachapwa tena. Hakuna aliyejua nilivyojitahidi. Shuleni niliitwa zuzu, nyumbani mzembe, na wapo waliosema nina shetani. Hata nilipowekwa ndani, kungwi wangu aliongeza fimbo yake.

Jina la hali hii nimelijua uzeeni, mjukuu wangu alipopimwa. Daktari alimuuliza mama yake maswali, mimi nimekaa pembeni, na kila jibu nikaliona ni langu. Inaitwa ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, au mwili kushindwa kutulia. Ni ubongo ulivyoumbwa, mara nyingi hurithiwa, na hailetwi na malezi mabaya wala husuda ya mtu. Dalili huanza kabla ya miaka 12, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Mwaka 1902 daktari George Still wa London alieleza habari za watoto 43 wenye dalili zinazofanana na hizi, wengi wao wavulana. Mpaka leo macho ya watu humwona mvulana anayeparamia madawati. Binti aliyezama mawazoni hapati hata wa kumuuliza.

Sisi tuna ngoma na wimbo, vitu ambavyo darasani ni adimu. Mwaka juzi nilikuwa na mwali asiyeweza kutulia mkekani. Nikampa korosho zilizokwisha kaangwa abangue, bakuli dogo kwa bakuli dogo, si debe zima. Mikono iliposhughulika, masikio yakafunguka. Funzo moja kwa siku, kwa wimbo, kisha yeye ananiimbia mimi. (Ya ndani hayaandikwi, mnayajua.) Hadi leo anazikumbuka nyimbo zote.

Fimbo tuiache, nawaomba. Na mama akisema hasikii, mwulizeni: huanza kazi akaiacha katikati? Hupoteza vitu kila siku? Huumia akikosea? Ikiwa ndivyo, ampeleke kwa daktari, hospitali ya Ligula pale Mtwara si mbali, kabla ya kumkimbilia mganga.

Yule wa kwenye simu analetwa Jumamosi. Nitakaa naye mimi.

Bibi yenu,
Mikindani