Barua kwa mwanangu: ile nyama ni ya nani

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ile klipu uliyonitumia juzi nimeiona yote ingawa simu yangu inakwamakwama, nimewaona vijana wa Kihadzabe, wale wawindaji wa huku ziwa Eyasi, wanakimbia na pinde zao, watalii nyuma wanahema, na chini ukaandika "baba hawa jamaa wanazingua, siku nzima porini wanarudi na digidigi mmoja halafu wanagawana watu kumi na tano, hawajui akiba" na zile sura za kucheka. Sikukujibu kwasababu nilikua barabarani na wageni, na kusema ukweli nilikasirika kidogo. Leo gari iko gereji hapa Karatu, fundi kafungua boksi la gia kaenda kula, kwahiyo nina muda, vumilia itakua ndefu.

Kwanza ujue zile za watalii ni nusu sinema. Tunawatoa wageni lodge saa kumi usiku, alfajiri tuko Eyasi, vijana wanatangulia na wageni wanafuata, wakipata ndege au pimbi basi kila mtu kafurahi na saa nne tunarudi kunywa chai. Uwindaji wenyewe sio huo. Mwanaume anatoka peke yake bila kelele, na kiangazi wanalala wawili wawili karibu na maji usiku kusubiri wanyama waje kunywa. Mishale nayo ina kazi zake, kuna ya mti mtupu iliyochongwa ncha kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo, kuna yenye chuma isiyo na sumu, halafu kuna yenye sumu ya wanyama wakubwa, tandala, pundamilia, hata twiga. Sumu mojawapo wanaichemsha kutoka kwenye utomvu wa ule mti wenye shina nene na maua ya pinki, ule ule mama yako kaupanda kwenye ndoo hapo barazani anauita ua. Mnyama akichomwa haanguki pale pale, anakimbia, wao wanamwacha kwanza halafu wanafuata damu na nyayo, saa nyingine mpaka kesho yake.

Na mara nyingi hawapati. Watafiti waliokaa nao muda mrefu walihesabu, mwindaji mmoja anaangusha mnyama mkubwa kama mara moja kwa mwezi hivi. Mara moja! Siku zilizobaki watu wanakula mizizi wanayochimba kina mama, matunda pori, ubuyu, na asali wanayoonyeshwa na mlembe, yule ndege anayekuita mpaka kwenye mzinga. Sasa piga hesabu wewe mwenye diploma. Kambi ina wanaume sita saba, kila mmoja anapata mara moja kwa mwezi, na kila mmoja akila cha kwake peke yake basi atakula siku mbili na kukaa bila nyama siku ishirini na nane, na joto lile la Eyasi hamna friji, nyama ya tandala utaiweka wapi? Wakigawana wote ina maana karibu kila wiki kuna nyama kambini. Hiyo ndo akiba yao, imewekwa kwa watu.

Nimewahi kuikuta mara moja tu, tandala dume, na sijasahau. Hawakuhangaika kubeba yote, watu wengi wa kambi walihamia pale alipoangukia, watoto, bibi, mbwa, wote. Aliyempiga alikua kakaa pembeni anavuta, wala hakukata yeye. Hamna aliyempigia makofi na sikusikia mtu anamwambia asante. Kuna sehemu kama moyo na figo zinaitwa nyama ya epeme, zinaliwa na wanaume waliokwisha kupitishwa kimila tu, wanajitenga nazo pembeni, mwanamke au kijana haruhusiwi hata kuchungulia. Hilo nalo lina utata wake, dada yako nilivyomsimulia alifoka kweli, akasema kwahiyo mafuta mazuri wanaume ndo wanajificha nayo. Sina jibu. Ila epeme hiyo hiyo ndo ngoma yao kubwa, inachezwa usiku ambao mwezi haujatoka, giza totoro, mchezaji kavaa manyoya ya mbuni kichwani na njuga mguuni, na kina mama ndo wanaimba.

Kuna mgeni mmoja mwalimu wa chuo nilimwendesha siku tano, huyo ndo alinifungua macho kwamba swali la nyama ni ya nani kila jamii ya wawindaji imelijibu kivyake. Kule mpakani mwa Namibia na Botswana kuna Waju/'hoansi, wenyewe wanasema mnyama ni wa mwenye mshale. Sio aliyeurusha, ni mwenye mshale! Na mishale wanaazimana na kupeana, kwahiyo mzee asiyeweza hata kutembea, au mwanamke, anaweza kuwa ndo mgawaji wa nyama siku hiyo. Halafu ukirudi na mnyama mnono wanakuponda, wanasema hiki nini, mifupa mitupu, umetuchosha bure kuja kubeba. Mtafiti wa Canada, Richard Lee, miaka ya 60 aliwanunulia dume la ng'ombe kubwa la Krismasi, wiki nzima wanamcheka, wanasema mwaka huu watalala njaa, jamaa akakosa raha kabisa, siku ya kuchinja mafuta hayo! Ndo wakamweleza, kijana akiua sana anaanza kujiona chifu na wengine watumishi wake, kwahiyo tunaisema vibaya nyama yake ili moyo wake upoe. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari.

Wambuti wa Ituri kule Kongo wao wanawinda na nyavu, wanaziunganisha nusu duara msituni, kina mama na watoto wanaswaga kwa kelele, paa akinasa ni wa mwenye wavu ule, ila anagawa, maana bila wale waliopiga kelele wavu ungenasa majani. Sasa linganisha na hawa wa vitalu vya uwindaji wanaokuja na bunduki, anayelipa ndo mwenye pembe, anazipeleka kwao ukutani. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka bonde la Yaeda lenyewe wanakoishi Wahadzabe, zikapigwa kelele, ikajitoa. Mwaka 2011 ndo Wahadzabe wa huko wakapewa hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Waliobaki nje ya hati hiyo ni hadithi nyingine.

Na hapo ndo ninapotaka kufika. Babu yako alipata lile shamba la vitunguu Mang'ola miaka ya 80, unalijua, ndo limekusomesha. Hakumpora mtu kwa panga, alipewa na kijiji, karatasi zipo. Lakini pale palikua pori na lilikua na watu. Mzee mmoja wa Kihadzabe alibaki na sisi kama mlinzi, anafukuza wanyama usiku na analipwa unga. Nilikua darasa la nne. Usiku mmoja akapiga ngiri aliyeingia shambani, asubuhi naamka nakuta paja zima limening'inizwa mlangoni kwetu. Mama akasema huyu mzee mjinga, familia yake yote ina njaa, kwanini asiuze. Tukala. Mwezi uliofuata tukavuna vitunguu, lori likaja, magunia yakahesabiwa mbele yake, na hakuna mtu aliyetundika hata shada moja kwenye kibanda chake. Mimi nilikuwepo, nilikua nashika daftari la kuhesabia.

Mzee alishafariki. Wajukuu zake wako kambi ya juu kwenye miamba, mmoja wao yumo kwenye klipu yako, yule mfupi mwenye kaptula ya bluu.

Mwezi wa kumi na mbili ukija likizo utapanda na mimi, bila watalii. Pesa usiwapelekee, na pombe usithubutu, ndo inawamaliza. Pitia duka la vifaa vya ujenzi huko Dodoma ni rahisi kuliko hapa, chukua misumari ya inchi sita kilo tatu, wao wanaigonga kwa mawe mpaka inakua ncha ya mshale. Nilishawaahidi tangu mwaka jana. Fundi karudi, naona anatikisa kichwa, ngoja nikasikie hiyo bei.

Baba yako.